Mutombo Alisomea Isimu

Katika Wakongo wote waliopata shahada ya isimu, anayejulikana zaidi duniani hakuwahi kufundisha fonolojia wala kuandika kamusi. Alicheza basketi. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966 na kufariki Atlanta tarehe 30 Septemba 2024, alihitimu Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1991, na masomo aliyohitimu ni isimu na diplomasia. Mimi niliyajua hayo nikiwa tayari mwaka wa pili wa isimu, tena kwa bahati tu. Tangu hapo nimewauliza wenzangu wengi. Wote wanajua urefu wake. Wote wanakijua kile kidole chake. Wengi wanaijua hospitali aliyoijenga. Aliyejua kwamba alikaa darasani kama sisi, akasoma mambo haya haya tunayosoma sisi, sijampata bado.

Kutokujua huko si jambo dogo. Kunaonyesha kwamba tumezoea kuisimulia kazi ya mchezaji kuanzia shingoni kwenda chini. Kunaonyesha pia kwamba sisi wenyewe, watu wa lugha, tumeyakubali maneno ya mtaani: kwamba lugha ni kitu cha kujua, si kitu cha kufanyia kazi. Kila mmoja wetu amekwisha kuulizwa nyumbani, "Utakula lugha?" Na wengi wetu tumekwisha kujibu kwa kucheka na kuinamisha kichwa. Katika ukurasa huu nataka kujibu bila kucheka, nikianza na Mutombo na kumalizia na ombi moja kwa fakulti yetu.

Kwanza tuyaweke mambo mahali pake. Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987, akiwa na miaka 21, kwa msaada wa masomo uliotolewa na Marekani. Hakwenda kutafuta mpira. Alikwenda kusomea udaktari. Sekondari alikuwa ameimaliza Kinshasa. Alikuwa na Tshiluba ya nyumbani, Lingala ya mjini na Kifaransa cha shule, lakini Kiingereza hakuwa nacho. Mwaka wake wa kwanza ulikwenda katika kujifunza lugha hiyo, na timu ya chuo hakuichezea. Ndipo kocha John Thompson alipomwingiza uwanjani. Udaktari haukupatana na mazoezi na safari za timu, akageukia isimu na diplomasia, akamaliza.

Mwaka huo huo wa 1991 Denver Nuggets walimchagua akiwa wa nne. Alicheza misimu 18 katika NBA: Denver, Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York, mwisho Houston. Mara 4 alitajwa mlinzi bora wa mwaka: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mipira aliyoipiga angani kabla haijafika kikapuni ni 3,289, na katika historia ya ligi hiyo ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyemzidi. Mwaka 1994 Denver, walioingia mchujo wakiwa wa nane, waliwatoa Seattle waliokuwa wa kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya siku hiyo. Picha ya Mutombo akiwa amelala chini chali, mpira mikononi juu ya kichwa, akilia na kucheka kwa pamoja, ilizunguka dunia. Mwaka 2015 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa basketi.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Sasa tutazame mambo matatu yanayopitwa, kwa jicho la fakulti yetu.

La kwanza ni kidole. Kila Mutombo alipoukata mpira wa mtu, aliinua kidole cha shahada na kukitikisa kulia na kushoto: hapana, si hapa, si nyumbani kwangu. Wengi wanakichukua kama kichekesho. Lakini kumbukeni kilichotokea baadaye. Wenye ligi waliona ishara ile inamdhihaki mpinzani, wakaifanya kosa linaloadhibiwa na mwamuzi. Mutombo hakuiacha. Aliugeuza mwili wake, akakitikisa kidole mbele ya watazamaji badala ya mbele ya uso wa mchezaji aliyezuiwa. Kidole kilikuwa kile kile, mkono ule ule, mwendo ule ule. Kilichobadilika ni mwambiwa. Na mwambiwa alipobadilika, dhihaka ikawa furaha, na kosa likawa halipo tena.

Ningekuwa mwalimu wa pragmatiki, ningeianza kozi yangu hapo. Tunatumia wiki nzima kueleza kwamba maana ya usemi haikai ndani ya usemi peke yake, kwamba inategemea nani anamwambia nani, wapi, mbele ya nani. Tunatoa mifano ya migahawa ya Paris ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Huku mwanaisimu mwenzetu alilionyesha jambo lile lile mbele ya maelfu ya watu, na mwamuzi akiwa na filimbi mdomoni ndiye aliyetoa uamuzi kwamba maana imebadilika.

La pili ni kazi yake baada ya mpira. Mwezi Aprili 2009, katika mchezo wa Houston na Portland, goti lake liliumia vibaya. Alikuwa na miaka 42. Hapo mwili ulimaliza kazi. Lakini tangu mwaka huo hadi ugonjwa ulipomkamata, ligi ilimtuma dunia nzima kuwa balozi wake, na kazi hiyo haifanywi kwa goti. Inafanywa kwa kusema na watu: mawaziri, makocha, watoto wa shule, wenye fedha. Inasimuliwa kwamba alisema lugha tisa, Kiswahili kikiwemo. Hapa nijihadhari, kwa maana mwalimu wetu mmoja ananisubiri na kalamu nyekundu. Kusema lugha nyingi si isimu. Mama muuza samaki wa Kindu anayehesabu kwa Kiswahili, anayegombana kwa Kikusu na kumjibu askari kwa Lingala si mwanaisimu, na wako wanaisimu wakubwa wasioweza kununua chumvi ila kwa lugha moja. Sidai kwamba shahada ndiyo iliyompa Mutombo ulimi. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani ni imara zaidi: mtu huyu alipotakiwa kuchagua, alichagua kuusomea ulimi, na nusu ya pili ya maisha yake ilisimama juu ya chaguo hilo.

La tatu ni hospitali. Wakati vita vilipoikaribia Kinshasa, mama yake, Biamba Marie, aliugua ndani ya mji uliofungwa kwa amri ya kutotoka nje. Hawakuweza kumfikisha kwa daktari. Akafia nyumbani. Mwanawe alikusanya fedha kwa miaka, akatoa mamilioni ya dola yake mwenyewe, na mwaka 2007 hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo ikaanza kupokea wagonjwa katika eneo la Masina. Tunasema "aliijenga kwa fedha za mpira", na ni kweli. Lakini fedha za mpira hazikutosha. Zilizobaki aliziomba. Aliomba katika ofisi, katika mikutano, katika chakula cha usiku cha watu wasiojua Masina iko wapi. Kuomba vizuri, kwa lugha ya anayeombwa, bila kujidhalilisha na bila kumchosha, ni kazi, na si kila mtu anaiweza.

Najua mtakaloniambia. Kwamba bila ule urefu wa mita 2 na sentimeta 18 hakuna ambaye angemsikiliza. Nakubali. Kwamba wako waliofika bila shahada yoyote. Nakubali tena, na tuwatazame, maana wawili kati yao ni wa upande wetu wa nchi, upande wa Kiswahili.

Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi tarehe 28 Agosti 1992. Akiwa kijana wa miaka 16 au 17 alikuwa Yemen akicheza, huko kocha Mreno Mário Palma akamwona, akamsaidia kwenda Hispania. Alipita timu ndogo ya Illescas, akapanda Fuenlabrada katika ligi kuu ya Hispania, na mwaka 2011, katika mchezo wa vijana bora wa dunia dhidi ya Wamarekani, akapata pointi 12, riba 11 na mipira 10 aliyoizuia. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha tarakimu mbili mara tatu katika mchezo huo. Mwaka huo alichaguliwa wa saba, akaanza Charlotte. Mwaka 2016, akiwa Toronto, alichukua riba 26 katika mchezo mmoja wa nusu fainali dhidi ya Cleveland. Baba yake alipofariki mwaka 2021, Biyombo alikaa nje ya uwanja kwa miezi. Aliporudi na Phoenix alitangaza kwamba mshahara wake wa msimu ule utajenga hospitali nchini kwa jina la baba. Kama Mutombo na mama.

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma tarehe 6 Oktoba 2002. Mwaka 2016, kabla hajatimiza miaka 14, alikwenda Marekani. Alibadilisha shule za sekondari mara kadhaa, hakuingia chuo kikuu, akapitia timu ya maandalizi ya ligi yenyewe, na mwaka 2021 Golden State wakamchagua, naye wa saba. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa. Katikati yao, mwaka 2015, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa pia alichaguliwa wa saba. Vijana wa kiwanjani kwetu wanaipenda namba hiyo mpaka wanaichora kwenye mashati.

Basi ni kweli: njia ya Mutombo si njia pekee. Lakini angalieni tofauti moja. Mutombo aliondoka na miaka 21, sekondari ikiwa mkononi, akiweza kujisomea karatasi aliyopewa katika lugha moja ya kimataifa na kuijifunza nyingine. Biyombo na Kuminga waliondoka watoto. Kati ya Lubumbashi na Fuenlabrada iko Yemen, ziko karatasi, ziko saini, ziko lugha tatu nne ambazo hakuna aliyezijua nyumbani. Kwa hao wawili mambo yalikwenda vizuri, kwa hiyo majina yao tunayajua. Ambao karatasi zao hazikusomwa vizuri hatuna majina yao.

Hapa naomba ruhusa niseme jambo la kwetu, kwa sababu bila hilo maneno yangu yangekuwa ya vitabuni tu.

Mwaka juzi mtu alikuja nyumbani kwetu, hapa Obokote, na karatasi. Mdogo wangu alikuwa na miaka 16 na tayari alikuwa anainama kuingia mlangoni. Mtu huyo alikuwa amemwona akicheza. Alisema kuna shule ya basketi nje ya nchi, na kwamba mtoto atapewa masomo, chakula na mahali pa kulala. Familia itafute tu pasipoti na nauli ya kufika hapo. Karatasi ilikuwa ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifasiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa sauti nzuri. Baba mdogo alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa pikipiki yake, ile inayolisha watoto wake watano. Mama aliniita kutoka chuoni. Akasema, "Wewe uliyesomea lugha, soma."

Nilisoma usiku, kwa tochi ya simu. Sikuona uongo wowote katika karatasi ile. Niliona sarufi.

Mahali ambapo mtu yule alisema "atapewa masomo", Kiingereza kilikuwa na neno moja la herufi tatu lililobeba uwezekano tu. Tafsiri yake ya haki ilikuwa: huenda akafikiriwa kupewa masomo. Kati ya "atapewa" na "huenda akafikiriwa kupewa" kuna pikipiki nzima. Tena si kwamba Kiswahili chetu hakina njia ya kusema hivyo. Tunayo -ta- ya ahadi, tunayo "huenda" pamoja na -ka-, tunayo "anaweza". Kila siku tunasikia mama akisema "atakuja" na tukajua kwamba atakuja, au akisema "huenda akaja" na tukafunga mlango. Aliyefasiri alikuwa amechagua -ta- mahali pa "huenda", basi.

Halafu kulikuwa na kauli ya kutendwa. Gharama "zitalipwa". Pasipoti "itahifadhiwa". Katika Kiswahili kiambishi kile kidogo -w- kinamruhusu mtendaji ajifiche, mpaka tuulize "na nani?" na kumtoa nje. Ndivyo ilivyokuwa katika karatasi ile pia. Zitalipwa na nani? Itahifadhiwa na nani? Kurasa mbili, na mtendaji hakuonekana popote, ila mahali pamoja tu, penye neno "familia".

Asubuhi nilimwambia baba mdogo niliyoyaona. Mtu yule aliporudi, sikumshtaki. Nilimwomba kitu kimoja: aandike kwa Kiswahili, kwa mkono wake, sentensi ile aliyotuambia, "Mtoto atapewa masomo, na shule ndiyo itakayolipa", kisha aweke saini. Alisema atarudi na wakubwa wake. Hakurudi.

Sisemi alikuwa mwizi. Labda naye alisomewa karatasi ile na mwingine, na -ta- aliipokea hivyo hivyo. Na nisijifanye shujaa: mdogo wangu alikaa miezi mitatu hasemi nami. Aliniambia mbele ya wenzake kwamba Kuminga angekuwa na kaka kama mimi, angekuwa bado Goma. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Huenda mlango ule ulikuwa wa kweli. Kazi ya msomaji wa karatasi si kujua kesho. Ni kumwambia mwenye mtoto kilichoandikwa na kisichoandikwa, ili akifunga mlango au akiufungua, afanye hivyo akiwa anaona.

Tangu siku hiyo wamekuja wengine watano kwangu. Mmoja alikuwa na karatasi ya mpira wa miguu. Mwingine, mama mjane, alikuwa na mkataba wa kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba. Mwingine alikuwa na barua ya hospitali kwa Kifaransa, akitaka kujua kama mume wake "anaweza kupona" au "atapona". Mnaona? Swali ni lile lile, na ni la kozi yetu ya semantiki. Hawakwenda kwa mwanasheria kwa kuwa mwanasheria analipwa. Hawakwenda kwa mwalimu wa mtaa kwa kuwa wanamwonea haya. Walikuja kwa mwanafunzi wa lugha kwa sababu waliamini, kwa usahihi kabisa, kwamba kusoma maana ndiyo kazi yake. Mtaa unajua isimu ni ya nini. Ni sisi tuliosahau.

Hivyo ombi langu. Fakulti yetu ifungue meza ya usomaji, alasiri moja kwa wiki. Wanafunzi wa miaka ya mwisho wakae wawili wawili, mmoja mwenye nguvu katika Kifaransa au Kiingereza, mwingine katika lugha ya anayekuja: Kiswahili, Kilega, Kikusu, Kibangubangu, Kikumu. Mwenye karatasi asomewe yote, polepole, kwa lugha yake. Apewe ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye mambo manne: nani anaahidi, nani analipa, nini ni hakika na nini ni "huenda", na nini hakikusemwa. Tusimwambie asaini au asisaini. Hilo ni lake, na mambo ya sheria yana wenyewe. Tumwambie maana tu.

Nimekwisha kusikia pingamizi mbili, na zote mbili ni za watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza: fakulti ni nyumba ya sayansi, si ofisi ya kufasiri karatasi za watu. Najibu kwamba sayansi yetu inahitaji data, na data hiyo itakuja kwa miguu yake mpaka mlangoni. Tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya hali za kitenzi tukitumia sentensi tulizozitunga wenyewe kitandani. Kila mwaka "Juma anakula wali" anakula wali tena. Meza ile, kwa ruhusa ya wenye karatasi na bila majina yao, ingetupatia katika mwaka mmoja mifano hai ya jinsi uwezekano, ahadi na sharti vinavyofasiriwa, na vinavyopotea, kati ya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili cha Maniema. Nani ameandika hilo? Ningependa kulisoma.

Ya pili ni nzito zaidi: wanafunzi watakosea, na kosa lao litamgharimu mtu. Ni kweli, tutakosea. Ndiyo maana naomba wawe wawili, naomba mwalimu apitie kila ukurasa kabla haujatoka, na naomba tuanze na karatasi fupi. Lakini tusisahau kwamba leo karatasi hizo hazikai bila kusomwa. Zinasomwa na yule yule anayetaka zisainiwe. Hakuna mfasiri mbaya kuliko huyo.

Na Mutombo? Simtaji ili picha yake ibandikwe mlangoni kuvutia wanafunzi wapya. Hiyo ingekuwa dhihaka nyingine, na mwamuzi angepiga filimbi. Shahada ya isimu haitamfanya mtu yeyote wa Kindu kuwa na fedha za Mutombo, wala urefu wake. Namtaja kwa sababu yeye alionyesha kwa maisha yake kwamba kijana mwenye mwili wa mpira hakulazimika kuchagua kati ya mpira na kitabu, na kwamba kilichomvusha kutoka Kinshasa hadi Georgetown, kutoka uwanjani hadi meza za watoaji, kilikuwa ni uwezo wa kuelewa kinachosemwa na kusema kikaeleweka. Vijana wa kiwanjani kwetu wanazijua namba zake zote. Wana haki ya kuijua na hii.

Mdogo wangu bado anacheza. Mwaka huu anamaliza sekondari. Wiki iliyopita aliniletea karatasi ya mashindano ya mkoa, amepigia mstari kitenzi kimoja, akaniuliza, "Kaka, hapa wanasema watatulipia usafiri, au wanasema wanaweza?" Tuliisoma pamoja. Walikuwa wanasema wanaweza.

Jumatano alasiri hatuna kipindi, na chumba cha mwisho cha jengo letu kina meza mbili na madirisha mazuri. Naomba uongozi wa fakulti utupe chumba hicho kwa muhula mmoja. Wenzangu wanne wamekwisha kukubali kukaa.